Upande wa kushoto

Jumanne, Kibirizi

Leo tena niliwaacha dagaa wa upande wa kushoto wa kichanja bila kuwageuza. Wifi Zaituni akacheka: "Wifi, hao wamekukosea nini?" Miwani nilikuwa nimevaa. Sikuwaona tu.

Mchana nikaenda kupimwa macho. Unabonyeza kitufe kila ukiona nukta ya mwanga. Nilikaa muda mrefu bila kubonyeza, nikidhani mashine imeharibika.

Daktari alisema macho yasiyoona mbali kama yangu huweza kufifia pembeni polepole, na kilichopotea hakirudi. Nahofia kilichobaki.

Akashangaa kwamba sikugundua mapema. Marehemu mume wangu alizoea kutembea kushoto kwangu, akinishika kiwiko penye mtaro. Tangu tumzike nimekuwa nikijikwaa, nikadhani ni majonzi.