Mkono wa Prakriti

Satdobato,
Lalitpur, Nepal.
27 Machi

Mpendwa mdogo wangu Homraj,

Pokea salamu zetu sote. Joto la Doha linakutendeaje, na kile kikohozi cha vumbi kimekwisha? Sisi miili ni mizima. Moyo wangu ndio hautulii. Hata chai naitenga mezani nikaisahau mpaka ipoe.

Najua nusu fainali ya tenisi ya mwanangu Prakriti uliifuatilia kwa simu. Lakini lipo jambo hukuliona.

Jumanne mvua ilikatiza mechi, kila mmoja ana seti moja, na ya tatu wako nne kwa nne. Wakaambiwa watamalizia kesho yake. Prakriti akarudi nyumbani, akala wali na dengu kwa mkono wa kushoto.

"Mkono gani huo unaolia chakula?" mama mkwe akamkemea.

Nilimvuta chumbani nikapandisha mkono wa sweta. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kama andazi.

"Mwanangu, shaba unayo tayari," nikamwambia. "Hata anayeshindwa nusu fainali anapewa. Mwambie kocha upumzike."

"Hiyo nimepewa kwa kufika tu, Mama. Mechi sijaimaliza."

"Basi nitamwambia mimi."

"Ukimwambia, usije uwanjani."

Asubuhi nilikutana na kocha langoni mwa uwanja. Akaniuliza kama binti amelala vizuri. Nikasema amelala. Habari ya mkono sikuitaja.

Zamu ya Prakriti ya kuanzisha ilipofika, hakuweza kuupiga mpira kutoka juu. Akausukuma kutoka chini, taratibu, kama mtoto anayejifunza. Watu wakacheka. Bwana mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu anacheza au anatutania?" Nikakalia mikono yangu nisije nikageuka.

Yule binti wa Sri Lanka alibabaika, mipira ikamwishia wavuni, na Prakriti akauchukua mchezo huo. Zamu ya pili mwenzake alikwisha kumzoea. Ikaisha saba kwa tano, Prakriti akashindwa. Kwenye wavu Prakriti alitoa mkono wa kushoto, na mwenzake akauona ule wa kulia, akamshika bega.

Daktari anasema mfupa una ufa. Plasta wiki sita, na hajui kama mkono utarudi kuwa ule ule. Kocha hanisemeshi. Wewe ndiye uliyemfundisha kushika raketi akiwa na miaka sita. Ungekuwa mimi, ungesema au ungenyamaza? Usinipoze, niambie kweli.

Mama mkwe anakusalimu, na shemeji yako Deuman anauliza likizo yako ni lini. Prakriti anamsalimu sana mjomba wake.

Kila asubuhi namfunga vifungo vya shati. Jana, nikiwa kwenye kifungo cha mwisho, aliniambia, "Asante kwa kunyamaza, Mama." Nikakosa pa kuweka macho.

Mungu wetu Pashupatinath akulinde huko ugenini, akurudishe mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Gyanu