Nimemsusia Kinyozi, ila Drafti Nacheza Naye

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena kabla ya Jumapili, maana Jumapili nitaumbuka. Mimi ni mtu mzima, fundi saa, na mtaani kwetu kinyozi ni mmoja tu, jirani yangu ukuta kwa ukuta, na huyu kinyozi alikuwa amemwajiri dada mmoja wa kuwaosha wateja vichwa na kufagia, sasa dada akapata mimba, miguu ikavimba, akaomba akalie kile kiti cha kona wateja wakiwa wachache, kinyozi akasema kiti ni cha wateja, kesho yake akamwambia asirudi, basi wanaume tukawaka, tukakutana kwa fundi viatu tukaapa hakuna kichwa kitakachoingia pale mpaka dada arudishwe na kiti apewe, na aliyepiga meza kuliko wote, akapewa uongozi, ni mimi.

Mshauri, mimi nina kipara. Kipara cha tangu ujana, kinang'aa, kinyozi mwenyewe hunitania kwamba kwangu mimi anahitaji kitambaa tu. Wenzangu sasa ni vichaka vinavyotembea, mwalimu wa hesabu anajikuna mbele ya wanafunzi, muuza mkaa ameambiwa na mkewe achague kati ya msimamo na kitanda, na mimi kila nikiwaona nawaambia kazeni buti ndugu zangu, haki haiji bure.

Tatizo ni kwamba kila jioni, akishafunga, napita mlango wa nyuma kwenda kucheza naye drafti, kama miaka yote, kwa sababu ndiye rafiki yangu, na tangu mama watoto afariki nyumba yangu jioni haina sauti ila ya saa za watu. Sinyolewi, silipi, ananivutia kile kiti cha kona, tunacheza. Akiniuliza, "Vipi, wenzako bado wamekaza?" namjibu ukweli, kwamba mwalimu analegea. Sasa juzi kikaoni nilitoa leso nijifute kipara, kikadondoka kizibo cha soda, kete yetu ya kijani, mpaka miguuni pa fundi viatu, na vizibo vile mtaa mzima unavijua kuwa ni vya drafti ya kinyozi. Akakiokota, akakitazama, akanirudishia. Jumapili wanataka nisimame niwatie moyo. Je, drafti nayo ni kuvunja kiapo? Na nikimtupa rafiki, si nitakuwa nimemwonea?

Ni mimi, Kipara Mwenye Mashaka.

MSHAURI ANAJIBU

Kipara, pole kwa kumpoteza mama watoto, na pole kwa hizo jioni. Hayo nayasema kwa moyo. Sasa kaa kimya nikuseme.

Umesusia kwa nywele usizokuwa nazo! Kibogoyo akiapa kutotafuna mifupa, nani ampigie makofi? Halafu unaniuliza kama drafti inahesabika. Baba wewe, huyo kinyozi unadhani anavumiliaje duka tupu? Jioni ana wa kucheza naye, na juu yake anapata habari kwamba mwalimu analegea. Amrudishe dada wa nini? Wenzako wanajikuna mchana, wewe unawauza jioni. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kina kipara.

Na kiti! Dada amefukuzwa kwa sababu ya kiti, wewe unakikalia kila siku, tena umeniandikia mwenyewe bila hata kushtuka.

Kumwonea mtu ni kumnunia bila kumwambia unachotaka. Rafiki humwambia rafiki kwamba ana tongo machoni. Kwa hiyo leo pita mlango wa mbele, jua likiwaka, watu wakuone. Usikae. Mwambie, "Ndugu yangu, sichezi na wewe mpaka dada arudi na apewe kiti." Itakuuma, naye itamuuma kuliko vichwa vyote vya mtaa, kwa sababu wateja wengine atawapata, wa kucheza naye ni wewe tu. Jumapili, kabla fundi viatu hajafungua kinywa, fungua wewe. Watakuzomea. Zomewa.

Na kingine kimeniudhi. Barua ndefu hivi, hakuna mahali ulipoandika kwamba mmekwenda kumwona huyo dada. Mnampigania kama marehemu! Nendeni mkamuulize kama kweli anataka kurudi pale, na hela mliyokuwa mnalipia kunyolewa mpelekeeni, maana mama mjamzito hali misimamo yenu.

Akirudi, nenda kwa rafiki yako mkacheze mpaka mchoke, hakuna atakayekusema. Ila kiti cha kona sasa kina mwenyewe. Wewe cheza umesimama.