Karani Unayemtafuta

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikitumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Mwambie yule mdogo aliyeahidi kunitumia jino lake likishang'oka kwamba shangazi yake bado analisubiri. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, na miguu haimsumbui kama kipindi cha mvua. Jicho la kulia ndilo lile lile. Anasema mtoto wa jicho ni mtulivu kuliko watoto wote aliowalea, ila naye, kama mimi, hataki kuhama nyumbani.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniuliza jina la karani wa hospitali aliyeivuruga siku ya Mama ya kupasuliwa jicho, kwa kuwa malalamiko yako yamepokelewa na karani huyo ataitwa mbele ya wakubwa zake Ijumaa ya wiki ijayo. Umesema asiyeijua kazi yake aipishe. Nitakujibu, Kaka, wala sitakuficha kitu. Naomba tu uniache nianzie mbali kidogo. Ningekupigia simu, lakini najijua: ukikohoa tu, mimi humeza maneno yote.

Unakumbuka nilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka. Alfajiri nilikuwa na mazoezi yangu mwenyewe, maana bado naichezea idara yetu mpira wa pete. Mchana kutwa niko masjala, napokea barua na kuzipanga kwenye majalada. Jioni nawafundisha wasichana wa mtaani, kumi na wawili, kwenye kiwanja cha nyuma ya shule. Nyumbani kuna Mama na dawa yake ya matone, kuna kupika, kuna kufua. Nilikuwa nafika kazini na raba miguuni, viatu vya ofisi nimeviacha kwenye mfuko wa mipira. Siku moja nilimpelekea mkuu wa ofisi jalada, akalifungua akakuta orodha ya wachezaji wangu, na mbele ya jina la mmoja wao nimeandika "mvivu, ila ana shabaha". Alinirudishia bila kucheka, akasema anatumaini hayo hayamhusu yeye. Wiki hiyo hiyo nikapewa onyo la kwanza kwa maandishi. Mama aliposikia alisema mshika mbili moja humponyoka, na mimi nimeshika nne, kidole cha tano najikunia.

Aliyeniokoa ni mzee ninayefanya naye kazi, ambaye ofisi nzima humwita Jalada. Alinivuta kando akaniambia kwamba karatasi isiyo na jalada ni yatima, na kwamba maisha yangu yalikuwa masjala iliyoachwa madirisha wazi siku ya upepo. Akanishauri ninunue daftari moja, moja tu, kila siku iwe na ukurasa wake, na kila Jumapili nikae nusu saa kuhamishia humo yote yaliyotapakaa kwenye vikaratasi, kadi na viganja vya mikono. Alinikataza kubeba jambo kichwani. Kichwa ni cha kufikiria, alisema, si kabati.

Nilimtii. Kalamu ya bluu ikawa ya kazi, nyekundu ya timu, nyeusi ya mazoezi yangu, kijani ya Mama. Viatu vya ofisi nilivihamishia kwenye droo ya meza yangu, vikaishi huko. Matone ya Mama niliyaweka pembeni ya birika, kwa sababu chai hatujawahi kuisahau. Wasichana niliwagawia kazi, huyu mipira, huyu maji, huyu kuita majina, nikagundua kumbe nusu ya uchovu wangu ulikuwa kazi za watu wengine. Nilimtangazia Mama kwamba sasa nimekuwa mpangaji mzuri. Akaniuliza kwa upole miaka yote hii nilikuwa nani, maana nyumba hii haijawahi kuwa yetu.

Kwa miezi miwili sikusahau kitu. Mkuu wa ofisi alianza hata kuitikia salamu yangu. Nami nikaanza kulitazama lile daftari kama mtu anavyotazama cheti chake ukutani, na nadhani hapo ndipo nilipopotea.

Kadi ya hospitali ilikuwa imeandikwa tarehe, na chini yake 8:00. Niliinakili Jumapili pamoja na mambo mengine kama kumi na tano, kwa kalamu ya kijani: "8, Mama, jicho." Kisha kadi nikaifungia kabatini isipotee. Siku yenyewe ilikuwa ndani ya likizo ya shule, na asubuhi hiyo wasichana wangu walikuwa na mchezo wa kufuzu. Niliomba ruhusa ya siku nzima kazini, nikafungua daftari. Asubuhi nyekundu, saa nane kijani. Nilifurahi kuona jinsi vilivyopishana bila kugusana. Tulishinda kwa magoli mawili. Mama alikuwa ameambiwa asile kitu, akanisubiri na njaa yake, amevaa viatu tangu alfajiri.

Tulifika hospitali saa nane kasorobo, filimbi bado iko shingoni mwangu, najiona mtu wa mapema. Karani wa dirishani, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alipokea kadi, akaitazama, akanitazama. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba upasuaji ulianza saa mbili asubuhi, kwamba jina la Mama liliitwa mara tatu, na kwamba daktari wa macho alikwisha kuondoka. Nafasi nyingine ingepatikana baada ya miezi mitatu. Kisha aliigeuza kadi upande wangu, akaweka kidole kwenye ile 8:00, akakiacha hapo kidogo. Hakunikaripia.

Nimesoma hadi chuo, Kaka. Tangu shule ya msingi najua kwamba nane ya kwenye kadi kama ile ni saa mbili yetu. Lakini daftarini nilikuwa nimeandika saa za timu na za nyumbani jinsi tunavyozitamka, na ile nane nikaisoma kama jirani zake. Kadi ilisema kweli. Lililosema uongo ni daftari langu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mama alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani. Akaniuliza kulikoni. Nikamjibu kwamba wameahirisha. Ni neno moja tu, na huenda ndilo jambo pekee ambalo sikulipanga mwezi ule. Mama akasema haya, wao ndio wenye visu. Jioni akakusimulia kwenye simu, ukamuuliza nani kaahirisha, akasema karani wa dirishani. Nilikuwa nimesimama hapo hapo nikikunja mashuka. Niliendelea kukunja.

Kaka, karani unayemtafuta ni mimi.

Jumanne, siku moja baada ya kupata barua yako, nilikwenda hospitalini. Yule baba alinikumbuka kwa ile filimbi. Ana miaka kumi na tisa kwenye lile dirisha. Aliniambia kwamba kitabu chake kinaonyesha Mama aliitwa mara tatu, lakini wakubwa zake wanashuku alijaza baadaye ili kujikinga, kwa kuwa malalamiko yako yana uzito na yametaja kwamba Mama alisikia kwa masikio yake siku imeahirishwa. Kabla sijaondoka aliniuliza jicho linaendeleaje. Nilikwenda kwa msimamizi wake nikaandika maelezo yangu nakala mbili, nikaambatisha ule ukurasa wa daftari, nikagongewa muhuri. Msimamizi alisema maelezo yangu yatasomwa, ila shauri haliwezi kufungwa iwapo barua ya mlalamikaji bado iko mezani. Mlalamikaji ni wewe.

Jana nilimwambia Mama. Alikuwa akichambua mchele kwa vidole, maana kwa macho hawezi tena. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Kisha akasema wiki tatu nzima amekuwa akimlaani baba wa watu kila anapojigonga mlangoni. Akaniuliza mbona sikumwambia pale pale benchini. Nikasema niliogopa. Akasema hata yeye siku ile aliogopa kisu, na aliposikia kimeahirishwa alishukuru moyoni, kwa hiyo tusishindanie woga. Lakini yule karani, akasema, hakuwa na fungu katika woga wetu, na kesi tumembebesha sisi. Ameapa Ijumaa tutakwenda wote wawili, yeye akamwombe radhi kwa mdomo wake.

Naogopa bado, sikufichi. Mkuu wangu wa ofisi huenda akasikia, na onyo la pili huwa halichelewi kufuatwa na la tatu. Daftari sijalitupa. Jumapili huketi na Mama nikimsomea kila mstari kwa sauti, naye kwa kila saa ananiuliza ni ya asubuhi au ya mchana, hata kwa mambo ya masjala yasiyomhusu. Tarehe mpya ya jicho anaijua kwa moyo kuliko mimi.

Hasira zako ni haki yangu, Kaka, uniletee mimi. Ninachokuomba ni mistari miwili tu ya kuondoa malalamiko, iwafikie kabla ya Ijumaa. Barua hii naituma kwa basi la kesho asubuhi, na dereva ameahidi kukukabidhi mkononi.

Nisalimie wifi sana, na watoto wote kwa umri wao. Mungu awalinde. Kabla ya kuifunga nimemsomea Mama barua yote, naye akaomba kalamu. Usidhani hapo chini ni doa. Alitaka kuandika mengi, lakini mistari haioni, na sikumshika mkono.

Mimi mdogo wako,
Kitinda mimba

Iondoe mwanangu.
Mama