Mama wa Nyumbani Tu

Baba Watoto,

Watoto uwachukue shule saa nane. Mama yako anywe dawa akishakula. ~~Chakula kiko kwenye friji.~~ Nimekibeba.

Asubuhi pale uhamiaji, karani aliponiuliza kazi yangu aandike kwenye kibali, ulinidakia: "Hana kazi, ni mama wa nyumbani tu." Cherehani yangu iliyotulipia tiketi za kuja huku hukuikumbuka.

Basi leo sina kazi. Sare zimo kwenye beseni, vyombo kwenye sinki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, leo kilalie.

Fomu yako ya kibali inataka sahihi ya mwenye mkataba wa nyumba, yaani mimi. Mwambie karani yuleyule mkeo hasaini. Kusaini nako ni kazi.

Mama wa nyumbani tu