Injini Uliyoinyamazisha, Selemani

Makete, Jumatatu

Kwa mdogo wangu Selemani, fundi wa Kibiti,

Asalaam aleikum. Goti lako limepoa? Mpunga wa Chumbi mmeuwahi, au nguruwe wamewatangulia tena? Sisi huku wazima, ila wajukuu zako wana mafua, na mimi nimevaa sweta mbili na kanga juu yake, nimekaa karibu na jiko ndiyo nakuandikia. Mwandiko wangu ni wa kisomo cha watu wazima, usome hivyohivyo. Maneno haya sikutaka kumpa mtu aniandikie.

Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Nimeletewa habari kwamba siku ya hitima ya shangazi ulisimama mbele ya ukoo mzima ukasema mwanangu Shabani ameiua pikapu kwa uzembe. Ukasema wewe ulimkabidhi injini nzima, na kwamba Hamisi, mtoto wa kaka, apande huku kuja kuichukua. Watu wakaitikia. Gari ni la ukoo, tumelinunua kwa mpunga wetu sote, hilo silikatai. Lakini Shabani ana mke huku na watoto watatu, na kazi yake ni kubeba viazi vya watu kwa gari hilo. Likiondoka, viazi atabeba kichwani? Hukuniuliza hata mimi ninayekaa naye nyumba moja.

Basi nikueleze gari lilivyoumwa, maana wewe hukuliona. Huku asubuhi umande unaganda kwenye majani, mweupe kama chumvi. Shabani akipiga stata, injini inazunguka tu, haishiki. Ikishika inatetemeka, inatoa moshi mweupe, na bomba la nyuma linapumua pu, pu, kama mtu mwenye pumu. Jua likipanda, inatulia, utadhani haijawahi kuumwa. Majirani wakawa wanatucheka, eti gari la Wapwani linaogopa baridi kama bibi yake. Shabani akawa anawasha jiko la mkaa na kulisukuma chini ya injini kila alfajiri, na mimi napepea. Umri huu, Selemani, napepea gari.

Mafundi tumewaona. Siku hizi za ruksa, kila mtu na lake, kila mwenye spana mbili ni fundi. Mmoja alisema dizeli inaganda. Wa pili akasema betri. Wa tatu akabadilisha nozeli zinazopulizia dizeli, tukarudi palepale. Mke wa jirani akasema tumekuja na jini la mikokoni kwetu Salale. Nikamwambia jini la Salale lina akili, haliwezi kuja kukaa kwenye baridi hii.

Mwishowe akaja Mzee Sanga, aliyetengeneza matrekta ya shamba la chai miaka mingi. Huyo hakukisia. Alitaka gari lilale nje, asiliguse mtu mpaka afike asubuhi. Likawashwa kwa taabu. Akaniambia niweke kiganja kwenye bomba la moshi, nikasikia pumzi inaruka. Kisha akalegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya moja. Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, haikujali kabisa. Ya nne ikayumba. Akasema silinda ya tatu ndiyo haifanyi kazi. Akazima, akafungua kifuniko cha juu, akachukua kibati chembamba cha kupimia nafasi, akajaribu kukipitisha kwenye tapeti zinazosukuma valvu. Kwenye valvu ya kutolea moshi hakikupita.

Akauliza, "Tapeti hizi alifunga nani?"

Shabani akainamisha kichwa. Nikajibu mimi, "Ndugu yangu, fundi wa Kibiti."

"Huko kwenu mnapenda injini isilie, bibi?"

Hapo nikakumbuka, mdogo wangu. Nikakukumbuka pale Bungu siku ya kuondoka kuja huku, umefungua boneti, watu wamekuzunguka, unajisifu: "Sikilizeni, kimya kama mtoto aliyeshiba." Na wote tukakusifu, na mimi nikiwemo. Huko fundi hodari ni yule ambaye injini yake haigongi. Umezibana tapeti zisigonge ili usifiwe.

Mzee Sanga alinieleza nikaelewa, nawe utaelewa. Valvu ikipata moto inarefuka. Isipoachiwa nafasi, haikai kitako ikafunga, moto unapita pembeni unaila. Pumzi inavuja. Na dizeli haina plagi, inawaka kwa hewa iliyobanwa ikapata moto; pumzi ikivuja kwenye baridi, moto huo haupatikani. Joto la Kibiti lilikuwa linakufichia aibu. Baridi ya huku haimfichii mtu.

Yeye na Shabani wakashusha silinda hedi. Valvu imelika ukingoni kama mkate ulioumwa na panya.

Lakini kilichonichoma si hicho. Siku ile nilimuuliza Shabani kama alikuwa anajua. Akasema alishuku tangu mwezi wa kwanza wa kufika huku, aliposikia injini haina hata mlio mdogo. Nikamwambia mbona hukusema, mpaka umeitwa mzembe na ukoo mzima? Akanijibu, "Mama, mjomba ndiye aliyenishikisha spana. Nitamsemaje?"

Umesikia? Yeye alikuwa anakusitiri, na wewe unamvua nguo mbele za watu.

Valvu hiyo naileta na barua hii, nimeifunga kwenye kipande cha kanga. Usiitupe. Ijumaa baada ya swala wakusanye walewale wa hitima, uiweke juu ya mkeka, na useme kwa kinywa chako aliyeiunguza ni nani. Usiposema, nitashuka niseme mimi, na mimi unanijua.

Msalimie wifi yangu, mwambie majani ya mkunazi yamenifikia. Msalimie imamu wetu. Hamisi mwambie afungue mzigo wake, haji kuchukua kitu. Pikapu imewekewa valvu mpya na tapeti zimelegezwa, sasa inagonga kidogo, tik tik tik, ina kelele kama mimi, na asubuhi inawaka kwa stata moja.

Shabani hajui kama nimeandika. Aliponiona na kalamu akauliza naandika wapi, nikasema Kibiti. Akasema nimsalimie mjomba.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni,
dada yako Mwanahawa