Mota Haikuharibika

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, tarehe 9, asubuhi

Shahidi: mdogo wake majeruhi, mwanamke
Umri: miaka 34
Kazi: fundi wa mota na mitambo inayojiendesha
Makazi: chumba cha juu ya karakana ninakofanya kazi

Nimeambiwa na afisa nianzie mwanzo na nisitukane mtu. Nitajitahidi.

Muuguzi aliyepondwa mkono ni dada yangu, tumbo moja. Mwenye karakana ni mume wake, kwa hiyo ni shemeji yangu, na ndiye bosi wangu pia. Tunatengeneza mikono ya mashine ya kunyanyulia miguu ya wagonjwa waliolala muda mrefu, ili magoti yao yasikakamae. Chumba ninacholala ni chake na kitanda alikinunua yeye. Nayasema haya mapema asije mtu akadai nimekuja hapa na chuki za siku nyingi. Shemeji amenitendea mema mengi. Hasira niliyo nayo ni ya wiki hii.

Mtu mliyemweka mahabusu ni muuzaji wetu wa mota. Sisi tunamwita Subiri, maana ukimpigia simu kuulizia mzigo, jibu lake ni hilo tu. Simtetei kwa kumpenda. Amenitoa jasho na mizigo yake ya kuchelewa, na nimewahi kumkatia simu akiwa katikati ya salamu. Lakini shemeji ameandikisha hapa kituoni kwamba Subiri alituuzia mota bandia. Huo ni uongo na nimeshindwa kuumeza.

Mnamo mwezi wa tatu tulipata kazi ya mikono sitini, kila mmoja wenye mota tatu. Kuchagua mota ni kazi yangu. Nilitaka mota za servo, zile zinazokaa palepale zinapoamriwa, zisizo na brashi za ndani zinazolika, zote za aina moja, na nilimwambia Subiri aniletee kwanza za majaribio za aina mbalimbali. Nilizifunga kwenye benchi, nikazitundikia ndoo za mchanga, nikaziamuru zishikilie. Kila muuzaji husifia ile nguvu mota inayotoa kwa kitambo kidogo tu. Mimi hiyo hainihusu. Naangalia ikishikilia mzigo mchana kutwa inakuwa ya moto kiasi gani, na kama inabaki palepale ilipoambiwa ibaki. Nyingine zilianza kunuka kabla hatujala cha mchana, nikazitoa. Moja ilikuwa inatetemeka kama mwenye homa. Nikabaki na moja nzuri, na niliitaka yenye breki.

Hapa naomba afisa aandike taratibu, kwa sababu kesi yote iko hapa. Mota ya servo inashikilia mzigo kwa nguvu ya umeme. Umeme ukikatika haina tena nguvu ya kushikilia. Breki ni kipande kidogo kinachokaa nyuma yake, na umeme ukikatika tu, kinauma mhimili, mkono unabaki juu. Gia zetu ni nyepesi kwa makusudi, ili mgonjwa akiumia aweze kuusukuma mkono mwenyewe. Kwa hiyo bila breki, umeme ukienda, mkono unashuka na uzito wake wote.

Tatizo lilikuwa urefu. Mota yenye breki inazidi isiyo nayo kwa upana wa vidole viwili, na shemeji alikuwa amekwisha kuchongesha maganda ya viwiko vyote sitini, mota zinamokaa, kabla mimi sijachagua mota. Mtu ameshona suruali kabla hajampima mvaaji. Nilimwambia maganda yarudiwe. Alichukua simu palepale mbele yangu akampigia Subiri, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na grisi, aliiweka mezani ikiwa na sauti ya nje. Nilisikia yote.

Shemeji: "Zile mota, ondoa za breki. Niletee fupi."

Subiri: "Bosi, subiri kidogo. Fundi wako kaniambia breki ni lazima. Si ni za kunyanyulia watu hizi?"

Shemeji: "Bosi ni mimi au ni yeye?"

Subiri: "Ni wewe, bosi. Ila mimi nimesema."

Shemeji: "Umesema, nimesikia. Lete."

Huyo ndiye mnayemwita tapeli. Alionya, akanyamazishwa, akaleta alichoagizwa. Nilimgeukia shemeji nikamuuliza, "Na umeme ukikatika?" Alicheka. "Hapa umeme umewahi kukatika?"

Ni kweli haujawahi. Karakana yetu ina betri ukutani, shemeji alizifunga kwa mikono yake na ndizo fahari yake. Mtaa mzima ukiwa giza, sisi mashine zinaimba. Kwa hiyo mota zile fupi zilipokuja, zikapimwa kwenye benchi lenye umeme usiokatika. Ndoo zilining'inia wiki mbili, hakuna hata moja iliyoshuka. Kuchomoa plagi ya benchi kwetu hakuna aliyethubutu, ingekuwa kama kumwambia shemeji betri zako siziamini. Nikasema nichomoe mimi. Shemeji akanizuia mkono. Ndipo akaniahidi kwamba kila mkono utatoka na betri yake chini ya kitanda. Kwa ahadi hiyo nilikubali kuendelea na kazi.

Mnamo tarehe 4, mchana, palikuwa na wageni kwenye nyumba ya wagonjwa anakofanya kazi dada yangu. Walikuja kuona mkono ukifanya kazi. Mimi nilifika nimechelewa, nimebeba sanduku la spana. Nilikuta mkono umefungwa kwenye kitanda cha karibu na dirisha, umenyooka juu, na waya wake umeingia moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Nilipiga magoti nikachungulia chini ya kitanda. Palikuwa na ndala na beseni.

Nilimuuliza shemeji kwa sauti ya chini, "Betri iko wapi?" Akanijibu huku akiwatabasamia wageni, "Iko kwenye gari. Lidude lile litawatisha watu. Tulia."

Mgonjwa wa kitanda kile ni mzee mmoja ambaye alikuwa anauogopa mkono, amekunja mguu wake usiopooza hataki kusogea. Dada akamwambia, "Baba, tazama, mimi mwenyewe siogopi," akaweka kiganja chake juu ya chuma cha ubavu wa kitanda, mahali ambapo mguu ungepita, mkono wa mashine ukiwa juu yake. Nilisema, "Dada, toka hapo." Sijui kama alinisikia. Chumba cha pili wanafulia mashuka. Mtu aliwasha mashine ya kukaushia na swichi kuu ikajikata.

Taa zilizimika na mkono ukaanguka.

Dada hakupiga kelele. Alisema, "Mtoeni baba kwanza." Nilichomoa waya ili umeme ukirudi mashine isishtuke, kisha mimi na binti wa yule mzee tukaunyanyua mkono wa mashine. Na shemeji? Naomba iandikwe kama ilivyo. Mkewe kiganja kimebanwa, na yeye amewageukia wageni anawaambia, "Mota imeharibika! Tumeuziwa mota mbovu!" Hilo ndilo neno lake la kwanza. Hakuita hata jina la mkewe. Nilitamani kumrushia sanduku la spana, na nasema hivyo nikijua niko mbele ya polisi.

Siku iliyofuata nilizifungua zile mota tatu nikazirudisha kwenye benchi. Zote zilishikilia ndoo bila kutikisika. Mota haikuharibika. Ilifanya kile ambacho mota isiyo na breki hufanya.

Tukiwa kwenye korido ya hospitali, mama aliniita pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, ya ndani tuyamalize ndani. Huyo muuzaji ni mtu baki." Nikamjibu, "Mama, mtu baki naye ana mama." Mama alinigeuzia mgongo, na mpaka leo hajapokea simu yangu. Yawezekana hata hapo ningenyamaza. Mama ni mama. Lakini shemeji alikuja amechangamka, akasema, "Msiwe na wasiwasi, nimepata muuzaji mwingine. Mota zinafika wiki ijayo." Nikamuuliza zina breki? Akasema, "Urefu uleule. Zinaingia bila shida."

Ndipo nilipoelewa kwamba huyu mtu ameuamini uongo wake mwenyewe. Mikono karibu nusu ya ile sitini imeshapelekwa kwenye nyumba za wagonjwa bila betri na inatumika leo hii. Mkimfunga Subiri, shemeji atabadilisha muuzaji na kuacha mota ileile, kila mtu atasema tatizo limekwisha, na mkono utamwangukia mtu mwingine. Safari nyingine hautakuwa mkono wa mtu mzima mwenye kusema mtoeni baba kwanza. Utakuwa mguu wa mgonjwa ambaye hawezi kuuvuta.

Jana nilikwenda wodini kumwona dada. Daktari amemwambia vidole viwili havitakunjika tena. Dada yangu ndiye anayeitwa pale wenzake wote wakishindwa kuupata mshipa. Anafumba macho, anapapasa, anaupata. Nilimweleza ninachotaka kufanya. Akasema, "Ni baba wa wanangu. Nitakununia, mdogo wangu. Nitakununia sana. Lakini nenda kaandike."

Leo asubuhi shemeji alinikuta kwenye ngazi nimejitayarisha. Akasema, "Ukienda huko usirudi hapa." Nilirudi chumbani dakika chache, nikatoka na begi. Liko hapo mapokezi kwenu, naomba lisipotee.

Ninachoomba ni kwamba Subiri asishtakiwe kwa mota bandia, maana si bandia, na ile mikono isimame kutumika leo, si wiki ijayo.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Sikutumwa na mtu, na waliojaribu kunizuia nimewataja.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA

Nimeandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi, naye ameyakubali. Nilimshauri aondoe neno moja linalomhusu shemeji yake. Alikubali baada ya mabishano. Kwa ombi lake nilichukua mota mojawapo kati ya vielelezo, ikiwa haina umeme, nikauzungusha mhimili wake kwa vidole viwili. Ulizunguka kwa wepesi. Kisha akatoa mfukoni ile ya majaribio yenye breki. Nilitumia mkono mzima na mhimili haukusogea.

Alipokuwa anachukua begi lake mapokezi nilianza kuzipigia simu nyumba za wagonjwa zenye mikono hiyo. Nyumba ya kwanza walisema mgonjwa yuko katikati ya mazoezi. Niliwaamuru wachomoe plagi mara moja. Shahidi alinisikia, akarudi mbio, akaninyang'anya simu na kupiga kelele, "Msichomoe! Shusheni kwanza! Ushusheni mguu kwanza!"

Upande wa pili mtu alijibu kwamba plagi alikuwa ameishika tayari, ila hajaichomoa.

Sijamchukulia shahidi hatua yoyote kwa kuninyang'anya simu. Simu zilizobaki nimemwachia apige yeye.