Pale Tulipokuwa Tunavua Peke Yetu

Jumatano. Asubuhi mvua nyepesi, baridi, ziwa limetulia.

Tata,

Kaburi lako limeshajengewa. Mama amehamia Buhembe kwa kaka, maana hapa mwaloni kwa wavuvi alikuwa bado anakuwekea sahani mezani. Mimi nimebaki na mtumbwi. Rwegasira bado ndiye nahodha, na bado anapiga miluzi akivuta kamba, ingawa ulimkataza.

Nimechoka, Tata. Nitakueleza kwa utaratibu.

Unawakumbuka wale wataalamu wa umeme wa upepo waliokuja na ramani, wakaomba kila mvuvi aonyeshe anapovulia? Ulitangulia mbele na kofia yako ya kanisani, ukaweka kidole mbali kabisa, kwenye magugu maji. Nyumbani ulicheka mpaka ukakohoa. "Nipaonyeshe wakati Mutalemwa amesimama nyuma yangu?" Kumbe jirani yetu Mutalemwa naye alidanganya. Wote walidanganya.

Ramani imerudi. Pale petu, nyuma ya kisiwa cha mawe, pamebaki peupe. Ndipo wanapotaka kusimamisha minara, na mitumbwi haitaruhusiwa kusogea. Wiki iliyopita tuliitwa Muleba. Wavuvi tulikataa kwa kelele. Kijana wa mradi akajibu kwa upole, "Lakini wazee wangu, kwa maelezo yenu wenyewe, hapa hakuna anayevua." Watu wakatazama viatu vyao.

Nikasimama. Nikasema mnara wa kanisa ukionekana toka ziwani umekaa sawasawa juu ya jiwe kubwa, hapo ndipo baba yangu alipotega migonzo ya sangara, zile kamba ndefu za ndoano, na ndoano hizo ndizo zilizonisomesha mpaka kidato cha nne. Ulinifundisha mimi peke yangu, Tata. Nimepataja mbele ya mwalo mzima.

Mutalemwa alicheka kwa sauti. "Kumbe ni huko. Yule mzee, Mungu amrehemu, miaka yote namfuata, ananipeleka kwenye magugu." Watu wakacheka naye. Kisha akasimama, akaonyesha pake. Akafuata mwingine. Kijana aliandika yote, akasema watapitia upya. Hakuahidi kitu.

Leo alfajiri tumekuta pale maboya ya watu wanne. La Mutalemwa limekaa katikati kabisa. Rwegasira alishatoa kisu.

"Dada, nikate kamba?"

Tulikuwa tumepata sangara watatu tu, wembamba, na mvua ilikuwa imeniingia mpaka mgongoni. Nilimwambia arudishe kisu.

Wataalamu watapita tena ziwani kwa boti, waone wenyewe nani anavua wapi. Wakikuta mtumbwi mmoja nyuma ya kisiwa, watasema umepotea njia. Wakikuta mingi, labda watasikia. Sina hakika. Huenda minara itasimama tu. Huenda pale patakwisha samaki kwa sababu yangu kabla haijasimama. Yote mawili nayajua.

Sikuombi uniambie kama nimekosea. Ningependa tu ungekuwepo unikasirikie.

Pumzika, Tata. Nakuahidi jambo moja: pale pako hakuna mtu wa mtumbwi wetu atakayekata kamba ya mwenzake, hata iwe ya Mutalemwa.

Nazima taa saa saba usiku.